Akili Inapokuwa Nzito

Ndugu msomaji, labda umekwisha kuliona jambo hili nyumbani mwako. Mama aliyekuwa mwepesi wa kazi, aliyeshika kichwani hesabu ya kila kitu alichouza sokoni, sasa anasimama katikati ya nyumba na kusahau alichokuja kuchukua. Ukimwuliza neno anakawia kujibu. Anaanza kusimulia habari, kisha jina la mtu linampotea. Asubuhi anaamka amechoka kama mtu aliyekesha. Mwenyewe anasema, "Kichwa changu ni kizito. Ni kama ukungu wa mto umeingia ndani." Sisi watu wa Kisangani twaujua ukungu ule wa alfajiri, unaofunika maji hata wavuvi wa Wagenia wasione ng'ambo. Ng'ambo ipo, ila haionekani.

Na watu wa nyumbani wanasema nini? Mume anasema, "Amekuwa mvivu." Mama mkwe anasema ni kiburi. Jirani ananong'ona habari za ndoki. Hata kanisani wapo wanaosema kwamba imani yake imepoa, maana siku hizi anasinzia wakati wa mahubiri. Yeye anayasikia yote haya, anaona haya, ananyamaza. Hivyo ugonjwa unakaa naye mwaka, miaka miwili, mitano.

Katika somo hili twataka ujue kwamba mara nyingine uzito wa akili hautoki moyoni wala kwa wachawi. Unatoka shingoni. Tena una dawa, ila kwa mtoto aliye tumboni dawa hiyo inaweza kuchelewa.

TEZI YA SHINGONI

Weka vidole vyako mbele ya shingo, chini kidogo ya ule mfupa laini unaopanda na kushuka unapomeza mate. Hapo Mungu ameweka tezi moja yenye mabawa mawili kama kipepeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo tiroksini na kuitia katika damu.

Homoni ni nini? Ni tarishi. Inatoka mahali pamoja, inasafiri katika damu, na kupeleka amri kwa viungo vilivyo mbali. Amri ya tiroksini ni hii: fanyeni kazi. Moyo unaisikia, matumbo yanaisikia, ngozi, tumbo la uzazi, na ubongo pia. Tarishi hawa wakiwa wachache, kila kiungo kinalegea. Moyo unapiga polepole. Choo kinakuwa kigumu. Ngozi inakauka, nywele zinakatika, uso unavimba vimba, sauti inakuwa nzito. Mtu anaona baridi na kujifunika shuka mchana, hata hapa kwetu penye joto. Ananenepa, ingawa hali sana. Hedhi inakuja nyingi au inavurugika, na wengine hawapati mimba. Ubongo nao unafanya kazi polepole. Haukufa, wala mtu hakushikwa na wazimu. Ni kama taa iliyopunguzwa utambi: mafuta yapo, kioo ni kizima, lakini nuru ni hafifu.

Chini ya ubongo iko tezi nyingine, ndogo kama punje ya mahindi, iitwayo pituitari. Hiyo ndiyo msimamizi. Ikiona tiroksini imepungua katika damu inaita tezi ya shingoni iongeze kazi. Wazee wetu wa Kilokele walipeleka habari toka kijiji hata kijiji kwa ngoma ya lokole. Na asiyejibu, anapigiwa tena kwa nguvu. Pituitari inafanya vivyo hivyo. Shingo ikikawia kujibu, ngoma inazidi kupigwa. Kipimo cha damu kiitwacho TSH ni kama kuisikiliza ngoma hiyo: ikiwa inalia kwa nguvu sana, daktari anajua kwamba shingoni kazi haifanyiki.

Yako pia maradhi ya kinyume chake. Tezi ikitoa tiroksini kupita kiasi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda huku anakula, anatoka jasho, hapati usingizi. Huyo naye hawezi kukusanya mawazo yake, maana yanakimbia kama kuku waliotishwa. Basi akili inaweza kuvurugika kwa upungufu na kwa wingi. Kwa macho tu si rahisi kujua ni kipi. Ndiyo maana twapima.

KITU KIDOGO KUTOKA BAHARINI

Tezi haiwezi kutengeneza tiroksini bila iodini. Iodini ni madini, na mtu mzima ahitaji kidogo mno kwa siku, mikrogramu 150. Ukikusanya yote anayohitaji tangu kuzaliwa mpaka uzee, haizidi kijiko kidogo cha chai. Lakini kijiko hicho kikikosekana, kijiji kizima huharibika.

Iodini nyingi iko baharini. Samaki wa bahari wanayo, ila samaki wa mto wetu hawana nyingi hivyo. Na sisi tuko katikati ya Afrika, mbali na bahari zote mbili, katika nchi ya mvua nyingi ambayo kwa miaka isiyohesabika imeosha udongo na kuchukua madini yake. Mahindi, ndizi na mboga zinazoota katika udongo huo hazina iodini ya kutosha. Basi tezi inafanya nini? Inajikuza, ipate kunasa hata ile kidogo inayopita katika damu. Ndipo shingo inavimba. Uvimbe huo wengine huuita rovu, wengine goita.

Katika nchi yetu jambo hili lilichunguzwa sana. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari walipima watu wa Uele, kaskazini ya mji huu, wakaona vijiji ambamo uvimbe wa shingo ulikuwa jambo la kawaida, hata watu hawakuuhesabu kuwa ugonjwa. Daktari François Delange wa Brussels na wenzake walifanya kazi kama hiyo katika kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Baadaye, katika miaka ya 1970, kazi ikaendelea Ubangi. Mahali hapa waliona pia jambo la huzuni kuliko rovu: watu wenye miaka 20 na zaidi waliokuwa na kimo cha mtoto, uso umevimba, ngozi kavu, wasioweza kusema ila maneno machache. Walizaliwa na mama waliokosa iodini. Na wengi wao, yafaa ulijue hili, hawakuwa na uvimbe shingoni hata kidogo. Tezi yao ilikuwa imenyauka. Kwa hiyo usiseme, "Shingo yake ni nyembamba, basi tezi ni nzima."

HABARI YA MUHOGO

Kule Idjwi madaktari waliona fumbo. Iodini ilikuwa chache kila upande wa kisiwa, lakini mavimbe yalikuwa mengi sana upande wa kaskazini, na machache upande wa kusini-magharibi. Kwa sababu gani? Walipochunguza chakula walikuta muhogo.

Muhogo mchungu una sumu ndani yake, nayo ni sianidi. Mwili unapoitengua sumu hiyo, unaigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho tiosianati, na hicho kinaizuia tezi isipate iodini. Mtu mwenye iodini ya kutosha hatadhurika sana. Lakini aliye na chache, akila kila siku muhogo usiotengenezwa vizuri, ananyang'anywa hata ile kidogo.

Hatusemi uache muhogo. Nani hapa angetusikiliza? Fufu na kwanga ni chakula chetu, na sombe ndiyo mboga yetu. Twasema tu: ufanye kama bibi zako walivyofanya. Muhogo mchungu ulowe majini siku 3 au zaidi, mpaka ulainike kabisa. Ndipo umenywe, ukamuliwe, uanikwe juani. Sombe zitwangwe vizuri na kupikwa muda mrefu bila kifuniko, maana sumu inatoka pamoja na mvuke. Hatari inakuja wakati wa njaa, au wakati bei ya sokoni inapokuwa nzuri na mtu ana haraka, naye anautoa muhogo majini baada ya usiku mmoja. Watu wa Kwango wamepata mapigo mabaya kwa sababu hiyo: ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu kwa ghafula, ulioandikwa na daktari Trolli mwaka 1938, nao haujaisha.

CHUMVI

Dawa ya upungufu wa iodini kwa watu wote ni chumvi. Uswisi walianza mwaka 1922 kutia iodini katika chumvi, maana katika milima yao mavimbe yalikuwa mengi kama ya Uele. Marekani wakafuata mwaka 1924. Huku kwetu, kwanza madaktari walipiga watu sindano ya mafuta yenye iodini, na sindano moja ilitosha miaka 3 au zaidi. Kisha katika miaka ya 1990 serikali iliagiza kwamba chumvi ya kuliwa iwe na iodini, na mavimbe yakapungua sana. Lakini yaliyopungua yaweza kurudi. Wakati wa vita vilivyoanza 1998, mashua za kutoka Kinshasa zilipokoma kupanda mto, wengi wa mji huu wanakumbuka jinsi chumvi ilivyokuwa kitu cha thamani, na vijijini watu walirudia chumvi ya majivu ya majani. Chumvi hiyo inakoleza chakula, ila usiitegemee kwa iodini.

Unaponunua pakiti, tazama kama imeandikwa "sel iodé". Mama anayenunua kwa kipimo kidogo sokoni amwombe mchuuzi amwonyeshe mfuko. Uiweke chumvi katika chombo chenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na moto, maana unyevu na joto vinaipoteza iodini. Uitie katika chungu chakula kinapokaribia kuiva. Na usiongeze chumvi kwa kufikiri kwamba nyingi ni bora. Kijiko kidogo kimoja kwa siku kwa mtu mzima kinatosha. Zaidi ya hapo unautafuta ugonjwa wa presha.

Usinywe kamwe iodini ya kupaka vidonda. Twalisema neno hili kwa ukali kwa sababu ni sumu tumboni. Na mwenye rovu la siku nyingi asijitafutie iodini nyingi mwenyewe. Katika Kivu, chumvi yenye iodini ilipofika katika miaka ya 1990, madaktari waliona watu wenye mavimbe ya zamani wakishikwa na ule ugonjwa wa kinyume, moyo ukienda mbio. Tezi iliyokaa na njaa miaka mingi ilipopata chakula ilikula kupita kiasi. Rovu la zamani lipelekwe kwa daktari.

MAMA MWENYE MIMBA

Hapa msomaji asome polepole.

Mtoto tumboni hana tezi yake inayofanya kazi katika miezi 3 ya kwanza. Wakati huo huo ubongo wake unajengwa. Anajengwa kwa tiroksini ya mama yake, hana nyingine. Mama akiwa na upungufu, mtoto anajengewa nyumba bila matofali ya kutosha, na nyumba hiyo haibomolewi na kujengwa tena. Mtu mzima aliyekosa tiroksini akipewa dawa, akili yake hurudi. Mtoto aliyeikosa kabisa tumboni, hata akipewa baadaye, hatapata yote aliyoyapoteza. Wengine wanazaliwa viziwi wasiosema. Wengine wanaonekana wazima, lakini shuleni wanakawia kuelewa, wanachapwa, wanaitwa wajinga.

Kwa hiyo usingoje mimba ionekane. Msichana atumie chumvi yenye iodini tangu hajaolewa. Mwenye mimba ahitaji iodini zaidi, kama mikrogramu 250 kwa siku, na anyonyeshaye vivyo hivyo. Aliye na dawa ya tezi akijua kwamba ana mimba, asiiache. Aje upesi, maana mara nyingi kipimo chake kinaongezwa.

MWANZO WA DAWA

Mwaka 1891 daktari mmoja Mwingereza, George Murray, alikuwa na mgonjwa mjini Newcastle, mwanamke wa miaka 46. Alikuwa amevimba uso, mzito wa maneno, mwenye baridi na usahaulifu, na wakati huo ugonjwa wake haukuwa na dawa. Murray alichukua tezi za shingo za kondoo, akatengeneza maji yake, akampiga sindano. Baada ya miezi michache mwanamke yule alianza kusema upesi na kutembea mjini kama zamani. Aliendelea na dawa hiyo, baadaye kwa kuinywa, akaishi miaka 28 zaidi, mpaka 1919. Twaipenda habari hii kwa sababu watu wa nyumba yake hakika walikuwa wamekwisha kukata tamaa.

Leo hatuhitaji kondoo. Kuna kidonge kidogo kiitwacho levotirosini. Kinamezwa kila asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Kisimezwe pamoja na vidonge vya chuma vya kuongeza damu; vitenge kwa saa 4. Usitazamie ajabu siku ya pili. Nguvu zinarudi polepole katika majuma kadhaa, na baada ya majuma 6 au 8 damu inapimwa tena. Wengi wataimeza dawa hii maisha yao yote. Mara nyingi mgonjwa akiona amepona anaacha, anaokoa fedha, na baada ya miezi michache ukungu unarudi. Kuacha dawa kwa kuwa umepona ni kama kushusha paa kwa kuwa mvua haikulowesha kitanda.

SI KILA UZITO NI TEZI

Mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kuzaa aangaliwe kwa namna ya pekee. Damu ikipotea mno, ile pituitari chini ya ubongo inaweza kufa nusu au yote. Daktari Sheehan wa Uingereza aliieleza habari hii mwaka 1937. Dalili ya kwanza ni kwamba maziwa hayatoki. Kisha hedhi hairudi, nywele za kwapani zinaanguka, mwili unakuwa baridi na dhaifu, na akili inalegea mwaka hata mwaka. Huyu hana wa kupiga ngoma tena, hivyo kile kipimo cha TSH peke yake kinaweza kudanganya. Na tena ni hatari kumpa dawa ya tezi kabla ya kumpa homoni nyingine anayoikosa, iitwayo kotizoli. Ndiyo sababu twakataza kuazima vidonge vya jirani. Mama, ukifika mbele ya daktari useme wazi: "Nilipozaa mtoto wangu wa mwisho nilitokwa na damu nyingi, na sikupata maziwa." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa miaka.

Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, kati ya miaka 45 na 55 kwa wengi, homoni zake za uzazi zinapungua. Joto linampanda usoni, usiku analowa jasho, anakosa usingizi, na mchana anasahau. Hilo si ugonjwa wa kuogofya, na kwa wengi linapita. Mume amvumilie.

Sukari katika damu, damu kuwa chache, malaria isiyokwisha, virusi vya ukimwi, huzuni baada ya kufiwa, na pombe ya lotoko vinaweza kuleta uzito huu huu. Na sisi wa mto huu tusisahau malale. Mtu anayelala mchana na kukesha usiku, anayebadilika tabia, apimwe malale. Daktari Chesterman alifika Yakusu, chini kidogo ya mji huu, mwaka 1920, akawakuta watu wengi wakifa kwa ugonjwa huo. Nao walihesabiwa kuwa wamerogwa mpaka sindano zilipowaamsha. Siku hizi wengi wanatibiwa kwa vidonge.

JUU YA MAOMBI NA NDOKI

Wengine watauliza, "Je, kwenda kupimwa si kukosa imani?" Mfalme Hezekia aliomba akilia, na Mungu akamsikia, hata hivyo nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Luka alikuwa tabibu, wala Paulo hakumwambia aache kazi yake. Omba, ndugu, na uje.

Lakini liko neno zito zaidi. Katika mji huu wajane wazee wamefukuzwa nyumbani, na watoto wamepelekwa kufungishwa chakula na kupigwa, kwa sababu walikuwa wazito wa kujibu, wenye macho yaliyovimba, wanaokojoa kitandani au wanaoongea peke yao. Mtoto aliyekosa tiroksini hawezi kujitetea, maana maneno ndiyo aliyoyakosa. Wazee wa kanisa, mkiletewa mtu wa namna hiyo, msimfungie chumbani siku 3 bila chakula. Mleteni kwetu kwanza.

UKIJA HOSPITALINI

Njoo asubuhi. Si kila kituo cha afya kina kipimo cha tezi, basi muulize kwanza mwuguzi wa kituo chako. Yeye atakupa barua na kukuonyesha mahali pa kwenda. Lete dawa zote unazomeza, hata zile za mganga wa kienyeji, bila kuficha. Lete kikaratasi cha hedhi zako, au ukumbuke mwezi zilipobadilika. Lete chumvi kidogo ya nyumbani katika karatasi, maana kuna dawa ya kupimia: tone moja, na chumvi yenye iodini inageuka rangi ya buluu mbele ya macho yako. Na mtu anayesahau asije peke yake. Mume aje naye, au dada yake, mtu anayelala nyumba moja naye, ili atueleze ni tangu lini, na ayakumbuke maagizo wanaporudi nyumbani.